Sura ya Sita: Kipepeo, Mti na Mkataba

Yuko kipepeo mmoja wa Ulaya ambaye wengi wanaoishi naye mtaa mmoja hawajawahi kumwona. Akikunjua mabawa hafikii sentimita nne, na rangi yake ni kahawia tu. Cha kumtambulisha ni mstari mweupe chini ya bawa, uliovunjika-vunjika mfano wa herufi W, na ndiyo maana wanasayansi wakamwita Satyrium w-album. Maisha yake huyamalizia juu kileleni mwa mti, akilamba utamu unaoachwa na vidukari kwenye majani. Huonekana Julai na sehemu ya Agosti, kisha basi. Jike hutaga yai mojamoja kwenye vijiti vya mti, na kila yai ni dogo kuliko punje ya mtama. Yai hukaa hapo majira yote ya baridi, chini ya theluji na upepo, mpaka machipukizi yafunguke. Kiwavi akitoka anajua chakula kimoja tu, nacho ni mti wa elmu. Palipokatwa elmu, na kipepeo huyo ameondoka.

Na elmu za Uingereza zilikaribia kwisha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kuvu wanaobebwa na mbawakawa wa magome waliingia nchini kwa ukali mpya na kuua miti zaidi ya milioni 25. Idadi ya kipepeo huyu imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu katikati ya miaka ya 1970. Waliosalia wakajibanza kwenye elmu chache zilizonusurika. Mmojawapo wa miti hiyo ulikuwa kando ya barabara iitwayo Chelsea Road, kusini-magharibi mwa jiji la Sheffield, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka 120. Mwaka 2016 shirika la kutetea misitu, Woodland Trust, lilipoendesha shindano la Mti Bora wa Mwaka wa England, elmu huo ulikuwa miongoni mwa miti iliyopigiwa kura nyingi zaidi.

Halmashauri ya Jiji la Sheffield iliuweka kwenye orodha ya kukatwa. Kosa lake lilikuwa kwamba mizizi imeinua ukingo wa barabara na kuharibu njia ya waenda kwa miguu.

Wananchi walipouliza habari za kipepeo, walijibiwa kwamba mayai yatahamishwa: matawi yatakatwa kwa uangalifu na kupelekwa kwenye elmu nyingine za jirani. Sheria ya Uingereza haikuwasaidia sana. Inakataza kumuuza kipepeo huyu, lakini haikatazi kuukata mti anamoishi. Mtu akimtia kipepeo kwenye kisanduku na kumpeleka sokoni ana kesi ya kujibu, lakini akiangusha makazi ya kizazi kizima asubuhi moja, hana. Nimeisoma sheria hiyo zaidi ya mara moja nikitafuta mahali inapomlinda zaidi ya hapo, sikupaona.

Ili kuelewa jinsi halmashauri ilivyofika hapo, lazima tuanze na mashimo ya barabarani. Sheffield ni jiji la chuma. Visu na vijiko vyake vilisambaa dunia nzima, na viwanda vyake vilijulikana kwa moshi. Labda kwa sababu hiyohiyo, watu wake walipanda miti kwa bidii kubwa. Enzi za Malkia Victoria na baada yake, mitaa mizima ilipandwa kwa safu, na kufikia karne hii kulikuwa na miti ipatayo 36,000 kando ya barabara peke yake. Barabara zenyewe, hata hivyo, zilikuwa zimechakaa vibaya. Halmashauri haikuwa na fedha za kuzitengeneza, na wananchi walikuwa wakilalamika kila mwaka. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Kiongozi yeyote wa jiji angetafuta njia.

Njia waliyoipata ilikuwa mkataba. Mwaka 2012 halmashauri ilisaini na kampuni ya Amey makubaliano ya miaka 25 yenye thamani ya pauni bilioni 2.2, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zingetoka serikali kuu. Mkandarasi angetengeneza lami, taa, vijia, madaraja na miti, kisha angevitunza mpaka mkataba uishe. Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Mti mkubwa unadai kukaguliwa, kupogolewa na kutengenezewa kijia kila mizizi inaposogea. Mche mchanga haudai hayo kwa miaka mingi. Anayelipwa kiasi kile kile kwa miaka 25 ana kila sababu ya kupendelea miche. Sidhani kwamba kuna aliyekaa chini akapanga uovu. Mkataba ulipangwa hivyo, na watu wakautekeleza.

Mwaka 2007, kabla ya mkataba, wataalamu walikuwa wamekwisha kukagua miti hiyo kwa niaba ya halmashauri. Walisema takriban 1,000 ilihitaji kuondolewa. Mingine mingi ilihitaji kupogolewa na matunzo ya kawaida. Lakini kazi ilipoanza, idadi ya miti iliyoanguka ilianza kukimbia, na wananchi hawakuweza kueleza inakokwenda.

Upinzani ulianza mtaa kwa mtaa. Watu wa Rustlings Road, barabara inayopakana na bustani kubwa ya Endcliffe, waliungana kutetea miti yao. Wa mitaa mingine wakafuata, na mwaka 2015 vikundi hivyo vikajiunga chini ya mwavuli mmoja, Sheffield Tree Action Groups. Walikuwemo walimu wastaafu, wahandisi, wanabiolojia, wakunga, wanafunzi na wazazi wenye watoto mgongoni. Wengi wao walikuwa wapigakura wa chama cha Labour, chama kilekile kilichoshika halmashauri. Naliweka wazi hili kwa sababu viongozi wa jiji waliwaeleza mara kwa mara kama wachache wa mitaa ya wenye nacho wasiojali barabara za wengine. Ni kweli kwamba mitaa yenye miti mikubwa mingi ilikuwa ya watu wenye uwezo. Lakini harakati zilienea mbali zaidi ya hapo, na hata kama zisingeenea, hoja ya mti haipimwi kwa mfuko wa anayeitoa.

Walianza kwa utaratibu: barua, sahihi, mikutano, maswali kwenye kikao cha baraza. Wahandisi wao walipeleka mapendekezo: punguza unene wa ukingo wa jiwe, sogeza ukingo kidogo kuelekea barabarani, tumia kijia cha lami laini kinachopinda na mzizi. Halmashauri yenyewe ilichapisha mkakati wa miti ulioorodhesha njia 14 za kihandisi za kuuacha mti usimame. Ukiusoma mkakati huo ungeamini kwamba msumeno ni hatua ya mwisho kabisa. Mapema 2016 wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu, wakapata zuio la muda, kisha mwezi Aprili jaji akaitupa kesi yao. Kisheria, alisema, halmashauri haikuwa na wajibu wa kuwashauri namna walivyotaka.

Halmashauri ilikuwa pia imeunda jopo huru la kupitia miti yenye ubishani. Hilo lilionekana kuwa jambo jema. Jopo lilikaa, likapokea maoni ya wakazi, likasikiliza wataalamu na kuandika mapendekezo. Kisha ikaja Rustlings Road.

Tarehe 17 Novemba 2016, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, polisi na wafanyakazi wa mkandarasi waliingia mtaani giza likiwa bado halijaondoka. Walibisha hodi milangoni, wakawaamsha watu na kuwataka watoke kuondoa magari yao. Magari ambayo wenyewe hawakupatikana yalikokotwa. Taa za kazi zikawashwa, uzio ukawekwa. Muda mfupi kabla ya hapo, alfajiri hiyohiyo, ripoti ya jopo huru kuhusu mtaa huo ilikuwa imewekwa kwenye tovuti ya halmashauri, saa ambayo hakuna mtu anayesoma ripoti. Ilisema kwamba miti mingi kati ya minane iliyolengwa ingeweza kuokolewa. Ilipofika mchana miti yote minane ilikuwa chini.

Watu watatu walikamatwa asubuhi hiyo. Wawili kati yao walikuwa wanawake wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, waliokataa kuondoka chini ya mti. Walikamatwa kwa sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1992, kifungu cha 241, kinachohusu kumzuia mtu kufanya kazi yake. Chanzo cha kifungu hicho ni sheria za karne ya 19 za kuwadhibiti wagomaji. Katika jiji lililojengwa na mafundi wa chuma na vyama vyao, chini ya halmashauri ya Labour, chama cha wafanyakazi, wazee walipandishwa gari la polisi kwa kifungu hicho. Kesi dhidi yao iliachwa miezi michache baadaye. Nick Clegg, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo na naibu waziri mkuu wa zamani, alisema kilichofanyika kilifanana na mambo ya Urusi ya Putin.

Baada ya Rustlings Road, jiji halikuwa lile tena. Watu ambao hawakuwa wamewahi kuandamana maishani walijifunza kuamka saa kumi na kuzunguka mitaani wakitafuta malori. Ujumbe ukipita kwenye simu kwamba msumeno umeonekana sehemu fulani, ndani ya dakika ishirini kulikuwa na watu. Walijua kanuni moja ya usalama kazini na waliitumia kwa uangalifu: mkandarasi haruhusiwi kuangusha mti au tawi kama kuna mtu ndani ya eneo linaloweza kuangukiwa. Ilitosha mtu mmoja kusimama hapo. Baadhi walijibandika kwenye kuta za bustani, migongo ukutani, ndani ya uzio wa muda, wakiitwa mijusi na wenzao. Wengine waliruka uzio kwa wepesi, hao wakaitwa sungura. Palikuwa na watu wa chai, watu wa kupiga picha za ushahidi, na watu wa kuandika nani alisema nini saa ngapi. Daftari hizo baadaye zilikuwa na thamani kubwa kuliko walivyofikiri.

Halmashauri ilirudi mahakamani, safari hii ikiwa yenyewe ndiyo mlalamikaji. Agosti 2017 ilipata amri ya kuwazuia waandamanaji waliotajwa kwa majina, na wengine wasiojulikana, kuingia ndani ya uzio. Atakayekiuka angehesabiwa amedharau mahakama, na adhabu yake inaweza kuwa faini au jela. Kati ya waliopelekwa kujibu tuhuma hiyo alikuwamo Alison Teal, diwani wa chama cha Kijani aliyechaguliwa na wakazi wa eneo lilelile la miti inayogombaniwa. Halmashauri ilimshtaki diwani wake mwenyewe. Oktoba mwaka huo jaji alimwona hana kosa. Waandamanaji wengine walipewa vifungo vya nje.

Mwishoni mwa mwaka 2017 halmashauri ikapiga hatua ambayo, kwa maoni yangu, ilionyesha jinsi ilivyokuwa imepoteza kipimo. Kwenye barabara ya Western Road, eneo la Crookes, kuna miti iliyopandwa mwaka 1919 kuwakumbuka vijana wa shule ya hapo waliokwenda kupigana Vita Kuu ya Kwanza. Uamuzi ulipitishwa wa kukata miti 41 ya kumbukumbu jijini, ikiwamo ya barabara hiyo. Watu wanaoweza kunyamaza juu ya kipepeo hawakuweza kunyamaza juu ya wafu. Mitaa iliyokuwa kando ya ugomvi nayo ikaingia.

Miezi ya kwanza ya 2018 ilikuwa mibaya. Makumi ya askari polisi na walinzi wa kampuni binafsi walipelekwa kusimamia ukataji wa mti mmoja au miwili. Walinzi waliwaburuta watu kutoka ndani ya uzio. Mama mmoja alikamatwa kwa kupuliza tarumbeta ya plastiki ya kuchezea. Waziri wa mazingira wa serikali kuu, Michael Gove, alikwisha kuitaka halmashauri isimamishe kazi hiyo.

Wakati huohuo, mapambano yenye uzito zaidi yalikuwa yakiendelea mezani. Kwa miaka mingi wananchi walikuwa wakitumia sheria ya uhuru wa habari kuomba sehemu za mkataba zinazohusu miti. Walikuwa wakipewa kurasa zilizofutwa kwa wino mweusi au kuambiwa ni siri ya biashara. Kamishna wa Habari, mwenye mamlaka ya kusimamia sheria hiyo, alipoingilia, sehemu iliyofichwa ikatoka, Machi 2018. Ilisema kwamba miti ya barabarani ibadilishwe, isiyopungua 200 kwa mwaka, ili kufikia mwisho wa mkataba iwe imebadilishwa 17,500.

Hiyo ni karibu nusu ya miti yote. Halmashauri ilikuwa ikisema kila mara kwamba hakuna idadi iliyopangwa, kila mti unatazamwa peke yake kwa hali yake. Baada ya ukurasa ule kutoka, ilisema yalikuwa makadirio tu, hayakuwa lengo. Lakini maneno yalikuwa kwenye karatasi yenye sahihi. Kufikia hapo miti ipatayo 5,600 ilikuwa imekwisha kukatwa. Mwisho wa mwezi huohuo misumeno ikazimwa.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi katika kisa hiki chote. Pande zilizogombana zilikaa mezani kwa msaada wa msuluhishi. Halmashauri, mkandarasi na wanaharakati walitembea pamoja mtaani wakikagua miti zaidi ya 300 iliyokuwa imebaki kwenye orodha ya kukatwa. Walikwaruza lami, wakapima ukingo, wakachimbua kidogo kuona mzizi umekaaje. Mingi kati yake ilionekana inaweza kubaki, kwa kazi za kawaida ambazo wahandisi wa mtaani walikuwa wamezipendekeza miaka mitatu kabla. Jiwe jembamba zaidi hapa, lami kidogo pale. Mwaloni wa zamani wa eneo la Dore, uliojulikana na jiji zima, ulibaki. Elmu wa Chelsea Road nao uliponea msumenoni, na kipepeo wake akabaki na pa kutaga. Kama hiyo iliwezekana mwaka 2019, ni mingapi kati ya ile 5,600 ingewezekana mwaka 2015?

Wananchi hawakusubiri jibu. Walikusanya sahihi za kutosha kuilazimisha halmashauri iitishe kura ya maoni kuhusu namna inavyoendeshwa. Hadi hapo, maamuzi makubwa yalikuwa mikononi mwa kiongozi na baraza lake dogo la madiwani kumi hivi, wengine wakipiga makofi au kunung'unika. Mei 2021 karibu asilimia 65 ya waliopiga kura walichagua mfumo wa kamati, ambapo madiwani wa vyama vyote huketi kuamua. Siku hiyohiyo chama cha Labour kilipoteza wingi wake, na kiongozi wa halmashauri akashindwa kwenye kata yake na mgombea wa chama cha Kijani. Sifahamu kisa kingine ambapo mizizi ya miti iligeuza muundo wa serikali ya jiji.

Kisha ukafuata uchunguzi huru wa sakata hilo, ulioongozwa na Sir Mark Lowcock, mtu aliyewahi kuongoza shughuli za misaada ya kibinadamu za Umoja wa Mataifa, aliyezoea majanga ya ukubwa mwingine kabisa. Ripoti yake ilitoka Machi 2023, nayo ni kali. Mpango wa kubadilisha nusu ya miti ulikuwa na kasoro tangu mwanzo. Halmashauri ilipotosha umma na ilipotosha jopo lake yenyewe: nyingi ya zile njia 14 za kihandisi hazikuwa zimewekwa kwenye mkataba kwa namna ya kutumika. Mapendekezo ya jopo ya kuokoa miti yalikataliwa mara nyingi zaidi ya yalivyokubaliwa. Na mahakama nayo ilipotoshwa, mahakama ileile iliyotumiwa kuwatishia wananchi jela. Juni mwaka huo halmashauri iliomba radhi hadharani.

Nimewasikia watu wakisema kwamba tatizo la Sheffield lilikuwa kiburi cha viongozi. Kiburi kilikuwepo, na Lowcock alikionyesha. Lakini naamini kiburi kilikua juu ya kitu kingine. Viongozi walisaini karatasi ambayo hawakutaka wananchi waisome. Kuanzia siku hiyo kila swali la kweli likawa tishio, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa limefungiwa kabatini. Diwani aliyeulizwa kwa nini mti fulani unakatwa hakuweza kusema, "kwa sababu tumeahidi 17,500." Ilibidi atafute sababu nyingine, na sababu hiyo ilipochunguzwa ikavunjika, na ya pili, na ya tatu, mpaka kilichobaki kikawa polisi. Mama aliyesimama chini ya mti akageuka adui wa jiji lake. Hata wafanyakazi wa halmashauri waliojua ukweli, na walikuwepo, hawakuwa na mahali pa kuusemea.

Na wanaharakati je? Miili yao ilinunua muda, na bila muda huo miti ingekwisha kabla ukweli haujatoka. Kilichoshinda kesi hiyo mbele ya umma ni ukurasa mmoja wa mkataba, na ukurasa huo ulipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa tayari kuandika ombi, kunyimwa, kukata rufaa, kunyimwa tena, na kuandika upya. Kazi hiyo haina tarumbeta, na aghalabu haipigwi picha.

Msomaji wa Kenya na wa Tanzania anayo haki hiyohiyo mkononi. Nchi zote mbili zilipitisha sheria ya kupata taarifa mwaka 2016. Kenya inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, Tanzania siku 30. Kaunti, manispaa na halmashauri zote zimo. Kama kuna barabara inayopanuliwa mtaani kwenu, au ardhioevu inayofukiwa, au msitu wa mji unaopimwa viwanja, ombeni mkataba wenyewe pamoja na viambatisho vyake, msiridhike na tangazo la kwenye gazeti. Andikeni barua, wekeni nakala, hesabuni siku, na mkinyimwa kateni rufaa. Fanyeni hivyo mapema, kabla alama nyekundu haijapakwa kwenye shina la kwanza.